Uzi maalumu wa kemia ya angahewa: kinachotoka bombani sicho unachovuta puani

#1 Mtafiti_Anga (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mada ya uchafuzi wa hewa ikianzishwa humu huishia palepale: dizeli, viwanda, moshi wa takataka, basi, tunatawanyika. Hayo yote ni kweli, ila ni nusu ya habari. Mimi kazi yangu ni kufundisha na kutafiti kemia ya angahewa, na kila muhula napambana na dhana moja: wanafunzi huja wakiamini kwamba hewa ni nafasi tupu inayopokea uchafu na kuupeperusha. Humo hewani kuna mwanga, kuna mvuke wa maji, kuna oksijeni asilimia 21, na karibu kila gesi inayoingia hubadilishwa ikiwa njiani. Mengi yanayoingia mapafuni saa nane mchana hayakutoka katika bomba lolote.

Mfano wangu wa kwanza darasani huwa ozoni ya huku chini tunakoishi. Hakuna gari wala mtambo wa kawaida unaomwaga ozoni kwa kiasi cha kuhesabika. Sasa inatoka wapi?

Miaka ya 1940 wakazi wa Los Angeles walianza kuwashwa macho na ukungu wa kahawia. Uliposhuka vibaya mwaka 1943, wakati wa vita, wapo waliodhani Wajapani wamewapiga kwa gesi. Baadaye wakaisaka salfa, maana ndiyo iliyokuwa ikijulikana kusumbua London na miji mingine ya makaa ya mawe. Akaja Arie Haagen-Smit, Mholanzi aliyekuwa chuo cha Caltech huko California, ambaye utafiti wake ulikuwa wa ladha na harufu ya nanasi. (Ndiyo, nanasi.) Mtu aliyezoea kunasa mvuke mdogo wa tunda kwa baridi kali akaivuta hewa ya jiji kwa mbinu hiyohiyo, akapata matone ya kimiminika cha kahawia chenye kunuka. Kisha akachanganya mvuke wa petroli na oksidi za nitrojeni, akauanika mchanganyiko huo kwenye mwanga, ozoni ikatokea. Kipimo chake kilikuwa vipande vya mpira vilivyokunjwa: ozoni hupasua mpira, na kadiri inavyozidi ndivyo nyufa zinavyowahi.

Sasa kiini chake. NO2 (dioksidi ya nitrojeni) ikipigwa na mwanga wenye urefu wa wimbi chini ya nanomita 420 hivi, huvunjika ikawa NO (monoksidi ya nitrojeni) na atomu moja ya oksijeni. Atomu hiyo hudaka O2, oksijeni ya kawaida, ikawa O3, yaani ozoni. Lakini O3 ikikutana na NO inamezwa, na NO2 inarudi. Kwa mzunguko huo peke yake hakuna kinachoongezeka. Ozoni inatengenezwa na kuliwa ndani ya dakika chache. Wanaovuruga mizani ni haidrokaboni, yaani mvuke wa petroli na jamaa zake. Zikishambuliwa na radikali (kipande cha molekuli chenye uchu wa kumenyuka) ya hidroksili, yaani OH, palipo na oksijeni, huzaa radikali za peroksi, na hizi huigeuza NO kuwa NO2 bila kuigusa ozoni. Jua linaendelea kuivunja NO2, na ozoni iliyokuwa iliwe imekosa wa kuila. Inarundikana.

Ukikishika hicho, sehemu kubwa ya kozi umeimaliza. Maswali karibuni. Wenye hasira pia.

#2 Kichwa_Ngumu

Nimekaa siti ya mbele. Mkuu shusha nondo taratibu, wengine kemia tuliiacha shuleni na hatukuagana.

#3 Dereva_Mstaafu

Mleta uzi, nimesoma mara mbili. Nina mawili. Kwanza, ozoni si ndiyo tuliyoambiwa inatukinga na jua? Leo imekuwa sumu? Pili, naona kama unataka kuyasafisha magari. Miaka yote niliyokaa barabarani nimekula moshi, halafu uniambie haukutoka bombani?

#4 Mtafiti_Anga

Mzee wangu, shikamoo.

Molekuli ni ileile. Karibu asilimia 90 ya ozoni iko stratosfia, nyingi kati ya kilomita 15 na 35 kwenda juu, na huko kazi yake ni kuchuja mionzi ya urujuanimno. Huku chini inachoma njia za hewa, inaamsha pumu na kuunguza majani ya mazao. Ubaya wake unategemea iko wapi.

Magari siyasafishi. Bomba linatoa NO, linatoa haidrokaboni, kaboni monoksidi na masizi, na masizi uliyoyala ni masizi kweli. Ninachosema ni kwamba ukipunguza kimoja bila kuijua kemia, kingine kinaweza kupanda. Huko huko Los Angeles iligundulika kwamba wikendi, malori ya dizeli yakipungua, oksidi za nitrojeni zilishuka ila ozoni ikawa juu kuliko siku za kazi. Sababu ziko mbili. NO iliyokuwa ikiimeza ozoni palepale barabarani imepungua. Halafu, na hii ndiyo nzito zaidi, NO2 ikiwa nyingi mno huiteka OH wakatengeneza asidi ya nitriki, na OH ndiyo inayouendesha mchakato wote. Punguza NO2 kidogo, OH inapata nafasi ya kushughulika na haidrokaboni, ozoni inapanda.

Nenda mbali na mji, kwenye misitu, mambo yanageuka. Huko oksidi za nitrojeni ni haba na haidrokaboni ni tele, maana miti yenyewe hutoa isoprini. Kwa dunia nzima inakadiriwa kuwa kama tani milioni 500 kwa mwaka. Hapo ukipunguza oksidi za nitrojeni, ozoni inashuka moja kwa moja. Kwa hiyo sera ileile inaweza kufaulu kijijini na kuleta balaa la muda katikati ya jiji.

Mwanzoni mwa 2020, China ilipofungia watu ndani, picha za setilaiti zilionyesha NO2 imeanguka vibaya na dunia nzima ikazisambaza. Huku chini ozoni ya kaskazini mwa nchi ilikuwa inapanda, na mwezi Februari Beijing ikapata ukungu mzito wa chembechembe wakati barabara ziko tupu. Unyevu mwingi na upepo hafifu vilichangia, na ozoni ile ya ziada ikaharakisha kuzaliwa kwa chembe mpya. Dawa yake si kuziacha oksidi za nitrojeni zilivyo. Unapunguza vyote viwili, na huachii njiani, mpaka utoke kwenye eneo hilo la kinyume. Los Angeles imewachukua miongo.

#5 Dereva_Mstaafu

Marahaba. Hilo la wikendi limenikaa. Nipo.

#6 Ticha_Kemia

Mwalimu, shukrani. Mimi nafundisha sekondari. Hayo ya radikali za peroksi ni matamu, lakini nina chaki, bika chache na watoto wa kumwaga. Mashine za kupima hewa nazionea kwenye picha. Nifanye nini chenye maana, mbali na kuwachorea mchoro wa bomba la kiwanda kama vitabu vyote vinavyofanya?

#7 Mtafiti_Anga

Mwalimu mwenzangu, swali lako ndilo nililokuwa nalingojea. Tumia karatasi za Schönbein. Christian Schönbein ndiye aliyeitambua ozoni mnamo 1839, na karatasi zake zilitumika karne ya 19 kuipima hewani.

Chukua maji mililita 100, weka wanga wa mahindi gramu 5, pika huku unakoroga mpaka uwe uji mzito unaopitisha mwanga kidogo. Epua. Tia iodidi ya potasiamu gramu 1, koroga, acha upoe. Paka kwa brashi pande zote mbili za karatasi ya kuchujia, nyembamba na sawasawa, kisha kausha gizani. Ukiikausha juani umeiharibu kabla hujaanza. Kata vipande, hifadhi kwenye mfuko usiopitisha hewa. Siku ya kazi unakilowesha kipande kwa maji yaliyokenekwa, unakitundika kivulini penye hewa kwa saa 8, halafu unakilowesha tena na kusoma rangi. Ozoni hutoa iodini kwenye iodidi, iodini ikikutana na wanga inakuwa zambarau.

Sasa uhondo wenyewe. Kabla ya kutundika, waambie waandike utabiri: karatasi ipi itaiva zaidi, ya kando ya barabara au ya uwanjani mbali na magari? Karibu wote wataandika barabara. Mara nyingi ya uwanjani ndiyo inayoiva, kwa sababu barabarani kuna NO mbichi inayomeza ozoni. Watoto watakwambia umewadanganya, au karatasi ni mbovu. Waache wabishane! Halafu watie shaka kipimo chenyewe: unyevu unabadilisha rangi, NO2 nayo inaweza kuigeuza iodidi, upepo ukiwa mwingi hewa nyingi zaidi inapita juu ya karatasi. Wakiweza kutaja sababu tatu za kuishuku namba waliyoipata wenyewe, umewafundisha zaidi ya mchoro wa bomba.

Ukipata fedha kidogo na maabara ya kukuchambulia, kuna mirija ya Palmes, iliyobuniwa miaka ya 1970: kipande cha plastiki cha sentimita 7 hivi, juu kuna wavu uliopakwa trietanolamini, kemikali inayonasa NO2, chini kiko wazi. Kinaning'inizwa wiki 2 hadi 4, NO2 inapenya yenyewe kwa msambao. Hakina umeme wala pampu. Kinakupa wastani tu, kilele cha asubuhi hutakiona, lakini mirija 30 imetawanywa mjini inachora ramani ambayo kituo kimoja cha bei mbaya hakiwezi.

Na kama una chaki tu, fanya hesabu hii. Sentimita moja ya ujazo ya hewa ya huku chini ina molekuli kama 2.5 × 10^19. Za OH humo ni kama milioni 1 hivi, wastani wa dunia. Kasi ya mmenyuko wa OH na methani kwa nyuzi 25 za Selsiasi ni 6.4 × 10^-15. Zidisha kasi hiyo kwa idadi ya OH, pindua, unapata sekunde; zigeuze, inatoka miaka 5. Vitabu vinasema uhai wa methani hewani ni miaka 9 au zaidi. Mbona tumepata 5? Waache wahangaike. Jibu: angahewa kwa sehemu kubwa ni baridi kuliko nyuzi 25, na mmenyuko huo huzorota kwenye baridi. Rudia kwa takriban nyuzi 1 chini ya sifuri, utapata karibu 9.

#8 Ticha_Kemia

Hii ya methani naiingiza darasani wiki hii hii. Ubarikiwe mwalimu.

#9 Injinia_K

Mkuu naomba kueleweshwa. Nina kisensa cha bei nafuu cha chembechembe, kipo dirishani. Alfajiri kinasoma 140, kufika saa nane mchana kimeshuka 25. Alfajiri hakuna gari hata moja! Kimekufa au?

#10 Mtafiti_Anga

Injinia, hakijafa. Kuna mambo mawili yamepandana na kazi yako ni kuyatenganisha.

Kisensa cha aina hiyo hakipimi uzito. Ndani kuna feni inayovuta hewa na mwale wa leza. Chembe ikipita inatawanya mwanga, na programu inakisia uzito kutokana na mwanga huo. Unyevu ukipanda juu ya asilimia 80 hivi, chumvi zilizomo kwenye chembe hufyonza maji na kuvimba. Chembe iliyovimba inatawanya mwanga mwingi zaidi, kisensa kinaandika uchafu, kumbe sehemu yake ni maji. Kipimo cha rejea, yaani kifaa rasmi cha kulinganishia vingine, hukwepa hilo: ama kinaipasha hewa joto kabla ya kupima, ama kinatumia kichujio kinachotunzwa kwenye jotoridi na unyevu maalumu ndipo kipimwe kwenye mizani inayosoma hadi sehemu moja ya milioni ya gramu. Nimeona watu wakishika kichujio kwa vidole, wakapima jasho lao.

Jambo la pili ni kimo cha hewa inayochanganyika. Usiku ardhi inapoa, hewa iliyoigusa inapoa, ya juu yake inabaki na joto. Hali inageuka na kuwa kifuniko. Piga hesabu: eneo la kilomita 10 kwa 10, umemwaga chembe kilo 100 na hakuna upepo. Mchana tabaka lina kimo cha mita 1000, ukolezi ni maikrogramu 1 kwa mita ya ujazo. Alfajiri tabaka ni mita 100, kilo zilezile zinakupa 10. Hakuna aliyeongeza hata gramu. Kwa hiyo moshi wa jana jioni bado uko hapo dirishani kwako, umebanwa.

Weka kipima unyevu pembeni yake. Kisha ukiazime kifaa hicho muda kikakae kando ya kituo cha rejea, hewa moja, saa zilezile, na uchore uwiano wa namba hizo mbili dhidi ya unyevu. Uwiano ukipanda pamoja na unyevu, hiyo sehemu ni maji. Ukibaki tambarare, 140 yako ni uchafu halali.

#11 Injinia_K

Nimekupata. Yaani kinasoma kweli na kinadanganya kwa wakati mmoja.

#12 Mpinga_Hoja

Mimi naomba kutofautiana. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilisema PM2.5, yaani chembechembe ndogo za hewani, isizidi maikrogramu 10 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka. Mwaka 2021 wakasema 5. NO2 wameitoa 40 mpaka 10. Hewa imebadilika au wanatafuta fedha za miradi? Wenyewe wanasema asilimia 99 ya watu duniani wanavuta hewa iliyovuka viwango vyao. Kiwango kinachofelisha karibu dunia nzima ni kiwango gani hicho?

#13 Mtafiti_Anga

Hoja halali, na ningependa wanafunzi wangu waiulize hivyohivyo.

Zile namba ni miongozo, hazina nguvu ya sheria. Hazikuwekwa kwa kuuliza "tunaweza kufika wapi", ziliwekwa kwa kuuliza "madhara yanaanzia wapi". Kilichobadilika kati ya 2005 na 2021 ni ushahidi kutoka sehemu zenye hewa safi kiasi, ambako tulitarajia mstari wa madhara ungelala. Haukulala. Utafiti uliofungua njia ulitolewa mwaka 1993, unaitwa wa Miji Sita, wa Marekani: watu wazima zaidi ya 8,000 walifuatiliwa kwa miaka 14 hadi 16. Baada ya kuondoa athari za sigara na mengine, vifo katika mji mchafu kuliko yote, Steubenville, vilikuwa juu kwa asilimia 26 kuliko mji safi kuliko yote, Portage. Na uhusiano wenye nguvu zaidi ulikuwa na chembe ndogo, kuliko na uchafu mwingine.

Kwamba karibu kila mtu amefeli, ni kweli, na inawakera hata wanaosimamia sera. Ndiyo maana miongozo hiyo ina hatua za katikati, kuanzia 35. Nchi iliyo kwenye 60 inapiga hesabu ya kufika 35 kwanza.

#14 Mpinga_Hoja

Nimeelewa kwa shingo upande.

#15 Dkt_Erosoli

Mtafiti_Anga, uzi mzuri, lakini umeimba ozoni kana kwamba ndiyo muuaji mkuu. Mzigo mkubwa wa vifo uko kwenye chembe, ozoni inafuata mbali. Ukimpa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ozoni wiki nne mfululizo, anatoka akijua mizunguko na hajui PM2.5 imeundwa na nini.

Niongezee hapo. PM2.5 ni jina la ukubwa, chini ya maikromita 2.5, wakati unywele wa mtu ni kama 50 hadi 70. Halikwambii ni kitu gani. Ukikifungua kichujio utakuta masizi, vumbi, chumvi ya bahari ukiwa pwani, halafu fungu kubwa ambalo halikutoka mahali popote likiwa chembe: salfeti, nitrati, amoniamu (amonia iliyoungana na asidi), na mabaki ya haidrokaboni zilizooksidishwa. London, kuanzia tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952, dioksidi ya salfa ya makaa ya mawe iligeuzwa kuwa asidi ndani ya matone ya ukungu. Makadirio ya kwanza yalikuwa watu 4,000. Yaliyofuata yamefika hadi 12,000. Sheria ya hewa safi ikapatikana 1956.

Nitrati ya amonia ndiyo inayonichekesha kila mara. Asidi ya nitriki inatoka kwenye oksidi za nitrojeni za magari, amonia inatoka kwenye samadi na mbolea ya shambani. Zikikutana kwenye baridi zinakuwa chembe. Mji unalaumu shamba, shamba linalaumu mji. Na ni chembe isiyotulia: joto likipanda inarudi kuwa gesi. Ukiweka kichujio saa 24 na mchana ukapata joto, jioni sehemu yake imeshapotea kichujioni. Kile kifaa ulichokisifia kwa Injinia, kinachopasha hewa joto ili kuondoa maji, kinaondoa na nitrati pamoja nayo. Kwa hiyo hata rejea ina mahali inapodanganya.

#16 Mtafiti_Anga

Daktari, karibu sana, na hoja ya nitrati naikubali yote. Ya ozoni siikubali. Siipi wiki nne kwa sababu inaua zaidi. Naipa kwa sababu mwanafunzi akishaielewa OH na ozoni, salfeti na nitrati anazipata bure, maana zinazalishwa na wahusika walewale. Ukianza na chembe anakariri orodha ya viambato. Nimefundisha kwa njia zote mbili na najua ipi inayodumu baada ya mtihani.

#17 Dkt_Erosoli

Tutakutana kwenye kamati ya mitaala. Mimi bado naanza na kichujio mkononi.

#18 Kichwa_Ngumu

Wasomi wakigombana sisi tunanufaika. Endeleeni.

#19 Shahada_ya_Pili

Shikamooni wakubwa. Naandaa pendekezo la utafiti wa uzamili. Sina vifaa vya chini, nimefikiria kutumia data ya setilaiti ya NO2 kupima hewa wanayovuta watu mjini. Msimamizi anasema "ni rahisi, ni ya bure". Nishaurini.

#20 Mtafiti_Anga

Mdogo wangu, marahaba. Ya bure ni kweli. Rahisi, hapana.

Inayotumika zaidi ni ya TROPOMI, kifaa cha kupima gesi kilichorushwa Oktoba 2017 ndani ya setilaiti ya Ulaya ya Sentinel-5P. Kwanza jua inapima nini: inatazama chini na kuhesabu molekuli zote za NO2 kati yake na ardhi. Hiyo ni safu nzima, siyo hewa ya usawa wa pua. Kutoka safu hadi pua unahitaji kujua NO2 imepangikaje kwenda juu, na hilo kwa kawaida linatoka kwenye modeli ya kompyuta. Pili, inapita mara moja kwa siku, saa saba na nusu mchana hivi kwa saa za hapo ulipo. Huo ni wakati ambapo tabaka liko juu na jua linaivunja NO2 kwa kasi kubwa. Kilele cha asubuhi ambacho watu wanakivuta wakienda kazini, setilaiti hii haikioni. Tatu, mawingu. Ukifuta siku zenye mawingu umebaki na siku za jua tu, na siku za jua zina kemia yake. Nne, pikseli ni kilomita 3.5 kwa 5.5, barabara na bustani vimo ndani ya namba moja.

Kwa hiyo swali lako libadilike. "Watu wanavuta nini" liache. "Utoaji wa NO2 wa mji huu umebadilikaje mwaka hadi mwaka" linajibika, na setilaiti hiyo ni mahiri kwalo.

Ukipata data ya kituo cha chini ya kulinganisha, uliza kifaa kinaigeuzaje NO2. Vingi vinatumia kigeuzi cha molibdenamu chenye joto la zaidi ya nyuzi 300. Kinaigeuza NO2 kuwa NO ndipo NO hiyo ipimwe, lakini kinageuza pia asidi ya nitriki na jamaa zake. Mchana kwenye hewa iliyokaa muda mrefu, NO2 hiyo imetiwa chumvi. Na vizio! Setilaiti inakupa moli kwa mita ya mraba, kituo kinakupa sehemu kwa bilioni, sheria inasema maikrogramu. Kwa nyuzi 25 na kanieneo ya usawa wa bahari, sehemu 1 kwa bilioni ya NO2 ni maikrogramu 1.88 kwa mita ya ujazo. Kwa NO ni 1.23. Nimesahihisha ripoti zilizochanganya hizo mbili na hitimisho likageuka juu chini.

La mwisho ni data zilizowekewa alama. Mwaka 1985 Joe Farman na wenzake wawili walitangaza kwamba ozoni ya majira ya kuchipua juu ya Antaktika inaporomoka. Walikuwa na spektrofotomita ya Dobson, chombo kinachopima ozoni kwa mwanga wa jua, katika kituo cha Waingereza cha Halley huko Antaktika, chombo ambacho muundo wake ni wa miaka ya 1920. Setilaiti ya NASA ilikuwa juu imeona upungufu huohuo, ila programu ilikuwa inaziwekea alama ya shaka namba zilizo chini ya kiwango fulani, zikakaa pembeni zikingoja kuchunguzwa. Miaka miwili baadaye, 1987, Itifaki ya Montreal ya kudhibiti kemikali zinazoharibu ozoni ikasainiwa. Kwa hiyo kabla ya kufuta safu mlalo yoyote kwa sababu "haiwezekani", ihifadhi kwenye faili lake, na uandike kwa nini umeitoa.

#21 Dkt_Erosoli

Naunga mkono, na naongeza: usianze na modeli kubwa ya kompyuta. Anza na boksi moja kwenye lahajedwali. Kinachoingia, kinachotoka, kinachomenyuka. Likishindwa kueleza mwelekeo wa data yako, modeli ya viboksi milioni itakuficha tu tatizo.

#22 Mtafiti_Anga

Hapo tumekubaliana, iandikwe.

#23 Shahada_ya_Pili

Asanteni sana. Swali dogo: kuna kituo kimoja cha chini kinachofanya kazi, kiko juu ya paa la ghorofa ya nne kando ya barabara kuu. Nikitumie?

#24 Dkt_Erosoli

Kitumie, lakini pima mwenyewe umbali wa mdomo wa bomba la kunyonyea hewa kutoka barabarani na kimo chake kutoka ardhini, usitegemee fomu. Angalia kama kuna bomba la jenereta au kiyoyozi karibu. Uliza kilisawazishwa lini kwa gesi ya kipimo na omba daftari lenyewe, kwa sababu faili la Excel halina maandishi ya pembeni kama "umeme ulikatika" au "kichujio kimebadilishwa". Ukiona siku namba zimeganda bila kupanda wala kushuka kwa saa kadhaa, hiyo si hewa tulivu, hicho kifaa kimekwama.

#25 Mtafiti_Anga

Na saa ya kifaa. Ilinganishe na saa yako siku utakayokwenda. Ikipishana kwa saa moja, NO2 ya msongamano wa asubuhi itakuja kabla ya msongamano wenyewe, na utatumia sura nzima ya tasnifu kueleza kemia isiyokuwepo.